Uvimbe ukitolewa tumboni, uende laboratwari

Hapa Lubumbashi, mama anayeumwa chini ya kitovu anazoea kupata jibu moja kati ya mawili: "Ni infeksio" ao "Ni miome." Mara nyingi ni kweli. Miome ni uvimbe wa tumbo la uzazi unaopatikana kwa wamama wengi, na si kansere.

Lakini kuna kansere ya nadra, sarkoma, ambayo kwenye ekografia inaweza kufanana kabisa na miome. Mwaka 2014, idara ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa vya matibabu ilikadiria kwamba kati ya wanawake 350 wanaopasuliwa kwa ajili ya miome, mmoja ana sarkoma ambayo hakuna aliyeishuku. Kansere ya mirija ya uzazi nayo inaweza kufanana na infeksio.

Kinyume chake pia kinatokea. Kifua kikuu cha tumboni kinaweza kujaza tumbo maji na kuonekana kama kansere ya ovari. Familia inaanza kulia, kumbe ugonjwa unapona kwa dawa za miezi sita.

Ni nani atakata neno? Si macho ya munganga peke yake, hata akiwa hodari. Ni laboratwari, inayotazama kipande cha nyama kwa mikroskopi: uchunguzi ambao waganga wanauita anapati. Lakini inatokea kwamba uvimbe unaonyeshwa familia ndani ya beseni, watu wanashangaa ukubwa wake, kisha unatupwa. Jibu linatupwa pamoja nao.

Mtasema: pesa. Ni kweli, mama anayeuza makala Katuba amekwisha kukopa ili apasuliwe. Ndiyo maana bei ya anapati iingizwe katika bei ya operesheni tangu mwanzo, isiwe deni la kushtukia. Iwe Sendwe, iwe kituo kidogo cha Kenya ao Ruashi, sheria iwe moja, na serikali ya jimbo isaidie wasio na uwezo.

Nanyi wamama, damu ikirudi baada ya hedhi kukoma, uvimbe ukizidi kukua katika umri huo, ao maumivu yakibaki baada ya kumaliza dawa, msikubali jibu lile lile mara ya pili. Na kabla ya kupasuliwa, ulizeni: "Munganga, kile mtakachotoa kitapelekwa laboratwari gani, na majibu nitayapata siku gani?" Kuuliza hivyo si kumkosea munganga heshima.