Bendera na historia ya Kagera

Bendera ya Taifa inayopepea kwenye ofisi za serikali Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, ina rangi nne. Kijani ni uoto wa nchi, bluu ni bahari, maziwa na mito, nyeusi ni wananchi, na mistari ya njano ni madini. Mkanda mweusi hupanda mshazari kutoka pembe ya chini, upande wa mlingoti, hadi pembe ya juu ya upande wa pili.

Zilitangulia bendera nyingine. Mwaka 1890 Emin Pasha, aliyekuwa akiwatumikia Wajerumani, alianzisha kituo chao Bukoba. Juni 1915 majeshi ya Uingereza yaliushambulia mji huo, na baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia Tanganyika ikawa chini ya bendera ya Uingereza. Tarehe 9 Desemba 1961 ilipandishwa bendera ya Tanganyika huru, ya kijani, nyeusi na njano. Baada ya Muungano wa 1964 iliongezwa bluu ya bendera ya Zanzibar.

Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, yaliteka eneo la mkoa huo lililo kaskazini mwa Mto Kagera, naye akalitangaza kuwa sehemu ya Uganda. Wanajeshi wa Tanzania walilikomboa.

Bendera yenye historia hiyo haifai kuachwa mlingotini ikiwa imechanika au kupauka. Shule, vijiji na ofisi ziibadilishe kwa wakati, na walimu wawafundishe wanafunzi maana ya rangi zake pamoja na historia ya mkoa wao.