"Si dawa kali" haimaanishi haina hatari

Leo nataka tuongee juu ya kitu ambacho tunakiona lakini hatukisemi: vidonge vinavyotoka ng'ambo ndani ya valizi.

Mimi najitolea kwenye eneo la watoto kuchezea. Kuna kijana mmoja pale, ana miaka 9. Huyo hatulii kabisa. Ukianza hadithi, kabla hujafika katikati yeye ameshapanda dirishani. Mama yake amechoka, majirani wanamsema, shuleni wanamrudisha nyumbani. Sasa huyo mama ana ndugu zake waliohamishiwa Marekani. Mtoto wao kule daktari alisema ana ADHD, ile hali inayofanya mtu ashindwe kutulia na kushika jambo moja. Wakampa dawa, baadaye wakambadilishia, za kwanza zikabaki. Alipopatikana mtu wa kuja huku, wakamtuma na kichupa.

Mama alinifuata jioni. "Baba, wewe umesoma. Niambie nimpe ngapi. Wamesema hizi si zile kali."

Nikasoma kichupa: atomoxetine. Nikiri ukweli, nilikaribia kumwambia ampe kimoja. Ni vigumu kusema "sijui" mbele ya mama anayekuamini. Lakini nikamuuliza kwanza kama ameshampa. Kumbe alishampa siku mbili! Mtoto anashindwa kumeza, kwa hiyo mama alifungua kapsuli, akamwaga unga wake kwenye uji. Mtoto alitapika, akakataa chakula, akashinda amelala. Mama akaniambia, "Angalau ametulia."

Neno hilo ndilo lilinitisha. Tulichukua mtoto na kichupa, tukaenda kituo cha afya. Wakampima presha na mapigo ya moyo, wakamwambia mama asimpe tena. Leo kijana yuko salama, amerudi kupanda dirisha. Lakini mimi nimekaa nikifikiri: kama ningesema "kimoja", ningekuwa daktari gani?

Hilo neno "si kali" linatoka wapi? Dawa za ADHD ziko makundi mawili. Kuna zinazochangamsha ubongo, kama methylphenidate, ambazo zinalindwa sana kwa sababu watu wengine wanaweza kuzitumia kama ulevi. Halafu kuna zisizo za kuchangamsha: atomoxetine, guanfacine, clonidine na viloxazine. Watu wakisikia "si za kuchangamsha" wanatafsiri "si kali". Hapana. Zinapita njia nyingine mwilini, basi.

Chukua atomoxetine. Ilikubaliwa Marekani mwaka 2002. Kwa mtoto, kipimo chake kinahesabiwa kwa kilo zake, si kwa kukisia. Kapsuli haifunguliwi, maana unga wake unawasha macho. Inaweza kuleta kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na usingizi. Inaweza kupandisha presha na mapigo ya moyo. Mara chache sana imeumiza ini, na dalili zake ni kama macho kuwa ya njano na mkojo kuwa mweusi. Na tangu 2005 wakubwa wa dawa wa Marekani wameagiza iandikwe onyo zito: kwenye majaribio, watoto kama 4 katika kila 1,000 walioitumia walipata mawazo ya kujiua. Hakuna aliyekufa kwenye majaribio hayo, lakini ndiyo sababu mtoto anatakiwa kuangaliwa kwa karibu, hasa anapoanza au kipimo kinapobadilishwa. Sasa niambieni, nani atamwangalia huyu wetu? Valizi?

Guanfacine na clonidine ni kinyume chake. Zilianza kama dawa za presha, zinaishusha. Mtoto anaweza kusinzia, kusikia kizunguzungu, hata kuzimia. Akimeza clonidine nyingi, moyo unaenda polepole na pumzi inapungua. Na ukizikata ghafla, presha inaweza kuruka juu. Kwa hiyo ndugu yako akipiga simu kutoka ng'ambo akalalamika, "Mtoto anasinzia darasani," usimjibu "achana nazo tu". Mwambie aongee na daktari, zipunguzwe kidogo kidogo.

Msinielewe vibaya. Sisemi dawa hizi ni sumu. Wapo watoto zinawasaidia kusoma na kuishi vizuri, na mtu aliyeandikiwa na daktari aendelee nazo. Ninachokataa ni kumpa mtoto kipimo cha mtoto mwingine.

Najua mtaniambia, "Hapa daktari wa mambo hayo tutampata wapi?" Ni kweli, ni vigumu. Lakini kukosa daktari hakupunguzi hatari ya kidonge, kunaiongeza. Na hatujui hata kama kijana huyu ana ADHD. Labda hasikii vizuri. Labda halali usiku. Labda yale tuliyoyakimbia bado anayaona. Sisi wenyewe tuna ya kufanya: kumkalisha mbele, kumpa kazi moja fupi kwa wakati mmoja, kumwacha akimbie kidogo kabla ya kumkalisha tena, kumsifu akimaliza. Hayo hayamdhuru mtoto.

Kwa ndugu zetu wa mashirika, nina ombi moja. Mkipita kwenye nyumba, ulizeni kuhusu dawa zinazotumwa, lakini msigombeze. Mama huyu alifanya vile kwa upendo na uchovu. Ukimtolea ukali leo, kesho kichupa kitafichwa chini ya godoro. Mtoto asiyetulia naye apewe mtu wa kumpima, kama mtoto mwenye homa anavyopimwa.

Na sisi tuliosoma kidogo, tunaoitwa kusoma kila karatasi: kusoma jina la dawa si kuijua dawa. Siku mama akikuuliza "nimpe ngapi", jibu ni hili: "Mama, sijui. Shika kichupa, twende kituoni pamoja." Halafu uende naye kweli.