MWIZI NJE, MOTO NDANI

Nyumba mpya zinaongezeka Fumba, na kila ajengaye hutanguliza nondo madirishani. Hatumlaumu, mali ya mfanyakazi ni jasho lake. Lakini nondo zimzuiazo mwizi kuingia humzuia pia mwenye nyumba kutoka. Machi 2001, katika shule ya Kyanguli, Machakos, nchini Kenya, wanafunzi 67 waliteketea bwenini: mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Kwa nini tungoje kilio kama hicho Unguja?

Twawasihi ndugu zetu wamwagize fundi kwamba kila chumba cha kulala kiwe na dirisha moja ambalo nondo zake zina bawaba na hufunguka kwa ndani. Ufunguo utundikwe mahali pajulikanapo hata na watoto, ila mwizi asiufikie kwa fimbo. Gharama ni bawaba na kufuli tu. Gari la zimamoto lina safari ya kufika, moshi hauingoji. Ama mwizi, ambaye ajabu ndiye tumwogopaye zaidi, hushindwa na majirani wajuanao na kupeana zamu za usiku, sheha wao akiwa na habari. Viongozi wa matawi na waanze kwa kukagua madirisha yao wenyewe.