Mnunuzi wa Kamera Asiachwe Peke Yake

Mavuno ya alizeti yanapokwisha mkoani Singida, msimu wa arusi na sherehe huanza, na mpigapicha hutafutwa kila upande. Mjini Singida, Manyoni, Kiomboi na Ikungi wapo vijana ambao riziki yao yote inatokana na kazi hiyo. Kwa kijana wa namna hiyo kamera si pambo. Ni jembe lake.

Jembe hilo halitengenezwi nchini. Huagizwa kutoka ng'ambo, ama hununuliwa Kariakoo, takriban kilomita 700 kutoka Singida. Katika safari hiyo ndefu ndimo walaghai wanamojipenyeza.

Hatari zenyewe ni mbili, na haifai kuzichanganya.

Ya kwanza ni bidhaa bandia. Mara nyingi kinachoghushiwa si kamera yenyewe, bali ni betri, chaja na memori kadi. Memori kadi iliyoandikwa gigabaiti 128 yaweza kuwa na uwezo wa gigabaiti 8 tu, baada ya kuchezewa ili iidanganye kamera. Uwezo wake halisi ukiisha, picha mpya hupotea au hufuta zile za mwanzo, na kamera haitoi onyo lo lote. Arusi haifungwi mara ya pili kwa kuwa picha zimepotea. Betri bandia nayo yaweza kukosa kinga ya kuizuia isipate joto kupita kiasi. Huvimba, na pengine hushika moto.

Ya pili ni kamera halisi isiyo na dhamana. Kampuni nyingi hutoa dhamana kwa nchi au eneo maalumu tu. Kamera iliyokusudiwa soko la Japani ikiuzwa Singida, wakala anaweza kukataa kuitengeneza bila malipo, wala hatakuwa amevunja mkataba. Muuzaji anayesema "ina dhamana" bila kueleza ni dhamana ya nani na hudaiwa wapi, anauza maneno matupu.

Taifa halikosi sheria. Sheria ya Alama za Bidhaa ilitungwa mwaka 1963. Shirika la Viwango lilianzishwa mwaka 1975. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 iliweka misingi ya kumlinda mlaji na kuunda Tume ya Ushindani. Tena mwezi Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilizima simu bandia nchini kote.

Hata hivyo, zoezi lile la mwaka 2016 lina funzo ambalo halipaswi kusahauliwa. Simu iliweza kuzimwa kwa sababu kila moja ina namba inayotambuliwa na mitandao. Lakini aliyebaki na simu iliyokufa mkononi alikuwa mnunuzi, ambaye fedha zake zilikwisha kwenda kwa muuzaji. Kamera haina mtandao wa kuizima. Kwa hiyo bidhaa bandia hapana budi izuiliwe bandarini na dukani, kabla haijafika kwa mwananchi.

Ni wajibu wa vyombo vinavyohusika kuhakikisha kwamba ukaguzi hauishii Dar es Salaam. Maduka ya mikoani nayo yatembelewe, na wanaokutwa na hatia waadhibiwe kwa mujibu wa sheria. Wafanyabiashara waaminifu, ambao ni wengi, hawatakuwa na sababu ya kulalamika, kwani mlaghai huwaharibia soko wao pia.

Wapigapicha nao wasikae wakingoja kusaidiwa. Kabla ya kulipa, mnunuzi alinganishe namba iliyo kwenye kamera na ile iliyo kwenye boksi. Adai stakabadhi na dhamana iliyoandikwa. Memori kadi mpya ijazwe yote kwa majaribio, na picha zikaguliwe, kabla haijapelekwa kazini. Tena wakiungana na kuagiza vifaa kwa pamoja kupitia wakala anayetambulika, watakuwa na sauti ambayo mnunuzi mmoja hana.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Mwenye kutaka bei ya chini kuliko maduka yote na ajiulize kwanza ni kitu gani kimepunguzwa. Lakini kosa la mnunuzi aliyeshawishika haliwezi kulinganishwa na kosa la anayemwibia mwenzake jasho lake. Huyo ndiye anayestahili kusakwa.