Gofu Nairobi: Chagua Uwanja, Lakini Kedi Alipwe Kwanza

Wakenya wengi tukisikia neno gofu tunafikiria wakubwa wa kampuni, dili za mamilioni na geti ambalo askari hawezi kukufungulia. Sisi tunaona tofauti. Nairobi na viunga vyake vina viwanja vizuri ambavyo mgeni anaweza kulipa ada ya siku na kucheza. Kinachotusumbua ni kingine: jinsi tunavyomlipa kedi, yule mtu anayebeba mkoba wako wa fimbo, anayetafuta mpira ukipotelea vichakani na kukuambia upige wapi.

Tuanze na viwanja.

Kama ndio unaanza

Enda Golf Park, ndani ya Ngong Racecourse, Barabara ya Ngong. Uwanja umezungukwa na njia ya mbio za farasi, kuna mahali pa kufanyia mazoezi ya kupiga, na si lazima uwe mwanachama. Hapa unaweza kukosa mpira mara kumi na hakuna atakayekushangaa.

Kuna pia Railway Golf Club, karibu kabisa na katikati ya mji. Ukiwa na mapumziko ya nusu siku, hutamalizia muda wako kwa jam.

Kama unataka historia

Royal Nairobi ilianzishwa 1906, na jina la "Royal" ikapewa 1935, enzi za Mfalme George wa Tano. Imepakana na Kibera: huku nyasi zimekatwa vizuri, kule mabati. Ukicheza hapo utaelewa Nairobi kuliko kwenye kitabu chochote.

Muthaiga ndiko Kenya Open ilikoanzia mwaka wa 1967, na ndiko Mhispania Seve Ballesteros aliposhinda 1978. Karen Country Club, iliyo kwenye ardhi iliyokuwa shamba la kahawa la Karen Blixen, iliandaa shindano hilo 2019, mwaka lilipoingia kwenye ligi kuu ya Ulaya kwa mara ya kwanza.

Kama unataka kutoka mjini kidogo

Windsor iko kando ya Barabara ya Kiambu, na msitu uko pale pale na nyani wake. Limuru Country Club imezungukwa na majani chai, juu ya mita 2,000. Beba sweta, hata kama umetoka Nairobi jua likiwaka.

Jambo moja la kujua: Nairobi yenyewe iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira unaenda mbali kuliko Nyali kule Mombasa. Basi ukijiona umekuwa bingwa ghafla, tulia. Ni mwinuko.

Mashimo 18 huchukua masaa manne hivi au zaidi, na giza huku kwetu linaingia mapema. Ukianza saa nane mchana, shimo la mwisho utalitafuta na tochi ya simu. Wikendi nyingi klabu huwa na mashindano ya wanachama, kwa hivyo piga simu kwanza na uombe siku ya katikati ya wiki. Uliza bei yote kwa pamoja: ada ya uwanja, kukodisha fimbo, na malipo ya kedi.

Sasa, kedi

Ada ya uwanja unalipa kabla hujagusa mpira. Chakula unalipa kabla hujatoka kwa meza. Kedi ndiye analipwa mwisho, pale parking, na hapo ndipo maneno huanza: "Sina loose", "nitakutumia jioni", "nikumbushe kesho." Kesho ikifika simu haishikwi. Mtu ametembea kilomita kadhaa kwa jua akiwa na mzigo wako begani, halafu anaenda nyumbani na ahadi.

Na hatusemi tu juu ya huruma. Kedi anajua uwanja kuliko mgeni yeyote. Baadhi ya wachezaji wetu bora wa kulipwa wametoka kwenye kazi hii. Dismas Indiza alianza kama kedi huko Mumias. Hiyo ni kazi ya ujuzi, na ujuzi haulipwi na "nitakutumia."

Wapo watakaosema cash inatosha. Sawa, cash mkononi ni pesa. Lakini noti ikikosa chenji, anayeumia ni kedi. Tena malipo ya simu yanaacha rekodi, na mtu asiye na payslip akienda kuomba mkopo mdogo, rekodi hiyo ndiyo inayomsemea.

Kwa hivyo tunakuomba ufanye hivi:

1. Mkubaliane bei kabla ya shimo la kwanza, si baada ya la mwisho.
2. Tuma mkiwa mmesimama pamoja. Soma jina linalotokea kwa simu kabla ya kukamilisha muamala, na msiachane mpaka ujumbe umeingia kwake.
3. Weka na ya kutoa. Mkikubaliana 1,000 na ukatuma 1,000 kamili, akifika kwa agent atapokea pungufu. Hizo shilingi chache kwako ni sehemu ya soda, kwake ni nauli.
4. Ada ya klabu ilipe kwa till au paybill yenye jina la klabu. Mtu akikuambia utume "deposit" ya uanachama kwa nambari yake binafsi, kata simu.

Na kuna tabia moja tuiite kwa jina lake. Mtu anamtumia kedi pesa, akifika barabarani anaomba muamala urudishwe, eti alikosea nambari. Kurudisha muamala ni kwa aliyekosea kweli. Kuitumia kumnyima mtu jasho lake ni wizi, hata kama mwizi amevaa glavu nyeupe.

Uwanja mzuri si nyasi peke yake. Ukitaka kujua kama klabu inafaa, wakati mnatembea muulize kedi kama wageni huwa wanalipa vizuri. Jibu lake litakuambia mengi, na jioni hakikisha akiulizwa juu yako atasema vyema.