Andikeni Nasaba ya Mbwa Wenu

Ndugu zangu mnaofuga mbwa Kahama, Katoro, Nyarugusu na Geita mjini,

Penye dhahabu pana ulinzi, na anayelinda karasha la kusaga mawe au duara la mgodi usiku hutamani mbwa mkubwa, hasa German Shepherd. Ndiyo maana wengi mmeanza kuzalisha watoto wa mbwa hao na kuwauza. Kazi hiyo ni halali na ina faida. Ninachowaomba ni kwamba kabla ya kupandisha, mjue ukoo wa dume na wa jike.

Mbwa wa aina hiyo bado ni wachache huku kwetu, hivyo ni rahisi kununua dume na jike ambao, kumbe, ni wa tumbo moja. Kasoro iliyojificha kwa wazazi wote wawili huweza kujitokeza kwa watoto, na ndugu wakipandana uwezekano huo huongezeka sana. German Shepherd ana udhaifu wa nyonga unaojulikana duniani kote: mtoto anazaliwa akiwa mzuri, miezi inapita, kisha anaanza kuyumba nyuma na kukimbia kwa kurusha miguu miwili ya nyuma kwa pamoja. Mteja amekwisha kulipa. Mbwa anaumia maisha yake yote.

Jirani zetu wa Kongo wametuachia somo kubwa. Basenji, yule mbwa wa msituni asiyebweka, alipelekwa Uingereza na Marekani katika miaka ya 1930 na 1940. Kwa kuwa waanzilishi wa ukoo huko walikuwa wachache, ugonjwa wa figo uitwao Fanconi ulienea. Wafugaji walifundishana kupima sukari kwenye mkojo wa mbwa wao. Kisha Wamarekani kadhaa wakarudi Kongo kutafuta damu mpya, na mwaka 1990 chama chao cha mbwa kikafungua daftari la nasaba kuwapokea mbwa hao wa vijijini. Mbwa ambao huku tungewaita koko ndio waliokwenda kuokoa ukoo wenye vyeti! Mwaka 2007 kikapatikana kipimo cha vinasaba, na mfugaji akaweza kumpandisha mbwa mzuri aliyebeba kasoro, mradi mwenzake awe safi. Hawakulazimika kutupa kizazi kizima.

Sisi hatuna kipimo hicho hapa. Tuna daftari. Andika baba, mama, tarehe ya kuzaliwa, watoto wangapi, nani alichechemea, nani ambaye korodani zake hazikushuka. Kasoro ikitokea, usirudie kuwakutanisha wazazi wale. Mtoto mwenye kasoro asitupwe wala kuuawa: mwite daktari wa mifugo amhasi, akalinde nyumba ya mtu. Dume asizalishe kabla ya miaka miwili, maana nyonga mbaya huchelewa kuonekana. Na mbwa mkali asiyeshikika usimchague kwa sababu ya ukali wake. Migodini kuna watoto pia.

Kama huna dume asiye ndugu, zungumza na mfugaji wa Mwanza au Tabora, mbadilishane. Anayetaka mlinzi tu, asidharau jike wa kienyeji mwenye afya na akili.

Jike huingia joto takriban kila miezi sita. Muda huo unatosha kununua daftari, kumuuliza aliyekuuzia, na kumpeleka mbwa wako kwa afisa mifugo akapate chanjo ya kichaa. Tafadhali, fanyeni hivyo kabla ya uzao ujao.