Miaka Elfu Sita na Mifupa ya Turkana

Ukipita Kibera Jumapili asubuhi, kutoka Makina penye msikiti wa Wanubi hadi Laini Saba, kila baada ya hatua chache hukuta kanisa la mabati na kipaza sauti chake. Kawangware ni vivyo hivyo. Na katika baadhi ya makanisa hayo mtoto hufundishwa kwamba dunia ina miaka elfu sita tu tangu kuumbwa. Jumatatu mtoto yule yule huenda shule, akasoma kuwa nchini mwake imechimbwa mifupa ya mamilioni ya miaka. Akiulizwa katika mtihani, ajibu lipi?

Hesabu ya elfu sita haikuandikwa ndani ya Biblia. Kilichoandikwa humo ni vizazi, fulani alimzaa fulani akiwa na umri kadha. Askofu James Ussher wa Ireland ndiye aliyeyajumlisha hayo mwaka 1650, akapata kwamba dunia ilianza mwaka 4004 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Tangu 1701 tarehe zake zikachapwa pambizoni mwa Biblia za Kiingereza, na wasomaji wengi wakadhani pambizo nayo ni wahyi. Aliyesoma chuoni akaona hashia kando ya matini atafahamu mara moja jinsi kosa hilo linavyozuka.

Wala Wakristo wenyewe si kauli moja. Georges Lemaître, padri Mkatoliki wa Ubelgiji, ni miongoni mwa wa kwanza kueleza, tangu 1927, kwamba ulimwengu unatanuka. Waadventista kwa upande wao, katika mkutano wao mkuu wa 2015 huko San Antonio, Marekani, waliandika waziwazi kuwa uumbaji ulikuwa wa siku sita na si wa zamani sana. Basi majirani wawili wanaogawana ukuta mmoja wa bati waweza kutofautiana kwa mabilioni ya miaka, na wote waenda kanisani.

Ugomvi ulitoka nje mwaka 2006, jumba la makumbusho la Nairobi lilipokuwa likikarabatiwa. Ilikusudiwa kuonyeshwa mifupa ya Kijana wa Turkana, aliyevumbuliwa mwaka 1984 huko Nariokotome na Kamoya Kimeu, Mkamba aliyekuwa na jicho lisilo mfano. Umri wake ni yapata miaka milioni moja na nusu. Askofu Boniface Adoyo, akiwasemea makanisa ya kievanjeli, alipinga mifupa ile isionyeshwe kama ushahidi wa asili ya binadamu. Richard Leakey akamjibu kwa ukali. Mwishowe mifupa ikaonyeshwa. Tumwie insafu askofu: shida yake kubwa ilikuwa nasaba ya mtu, si hesabu ya miaka.

Kinachonishangaza mimi ni ujirani wa mambo haya. Kutoka Kawangware si mbali kufika Kabete, na hapo ndipo alipozaliwa mwaka 1903 Louis Leakey, babake Richard. Baba yake Louis alikuwa mmisionari, mmoja wa waliofasiri Biblia kwa Kikikuyu. Baba apeleka kitabu cha Mwanzo, mwana aenda kuchimba Olduvai! Huko mkewe, Mary, aliokota fuvu mwaka 1959, wakaliita Zinjanthropus, kwa jina la Zinji ambalo Waarabu wa kale waliipa pwani yetu. Majivu ya volkano yaliyokuwa papo yalipimwa: potasiamu hugeuka polepole ikawa gesi ya agoni, na kiasi cha gesi iliyonaswa jiweni ndiyo saa yake. Ikatoka miaka milioni moja na robo tatu.

Nasi tusicheke. Kurani haikutaja umri wa dunia, na yatuambia katika Sura ya Hajj na ya Maarij kwamba siku za Mola si kama zetu. Walakini Tabari, imamu wa tarikh, naye alipiga hesabu, akaupa ulimwengu miaka elfu saba. Na mawe ya matumbawe yaliyojengewa Ngome ya Yesu pale Mombasa yalikuwa hai baharini zaidi ya miaka laki moja iliyopita. Twayapita kila siku tukienda sokoni.

Tumrudie mtoto wa Kawangware. Kwa miaka mingi kitabu cha historia cha kidato cha kwanza kilimpangia uumbaji, ngano za makabila na maelezo ya wanasayansi, moja baada ya jingine. Mwalimu wake, ambaye Jumapili aghalabu alikuwa mhubiri, alimsomesha yote matatu, kisha kengele ya hesabu ikalia.